Uji wa Chumvi

Daktari wa Amana kaninyima sukari,
kaandika kwa wino mwekundu, kapiga na mstari.
Basi leo nimeletewa uji wa chumvi
nami nacheka peke yangu, kijiko mdomoni:
Baba, umenifuata hadi Tabata.

Alikuwa mpishi wa Bwana Makrei, Osterbei,
mhesabu makasha bandarini, Mskoti,
mtu wa magoti mekundu na soksi ndefu.
Tajiri hakuwa. Alikuwa wa katikati,
na wa katikati huhesabu:
vipande vya sukari kila Jumamosi,
kiberiti, njiti kwa njiti.
Majani ya chai yakishatumika yalianikwa,
yakachemshwa tena kwa ajili ya watu wa nyuma.

Watu wa nyuma: mpishi, boi wa mezani,
dobi wa Jumatatu na Alhamisi, yaya Mngoni,
na mzee aliyekata majani kwa makasi, kapiga magoti.
Watano, kwa watu watatu na mbwa.

Uji wao ulikuwa wa shayiri, ulikuja kwa meli
katika bati lenye picha ya mwanamume kavaa sketi.
Hukorogwa kwa kijiti kisicho na ubapa,
kuelekea kulia, daima kulia.
“Ukikoroga kushoto,” alisema Memsahibu,
“unamkaribisha Ibilisi.”
Baba akaona: kumbe nao wana miko.
Ila chumvi!
Mtu ana sukari kabatini, ufunguo shingoni,
halafu anatia chumvi!
Nyumbani Ilala tulicheka hadi mama akatukemea.

Jina lake Kondo Chaurembo.
Pale aliitwa Yosefu,
kwa kuwa mpishi aliyemtangulia alikuwa Yosefu,
naye alilikuta kwa mwingine.
Jina lilikuwa la jiko, kama sufuria.

Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika.
Memsahibu akaja jikoni, akaketi juu ya debe,
jambo ambalo halijapata kutokea, akasimulia.
Bibi yake mzaa mama alikuwa mtumishi, Glasgo,
enzi za yule malkia mnene wa kwenye sarafu.
Nyumba ya daktari, ghorofa nne,
makaa ndoo kwa ndoo, alfajiri, kabla ya majivu kupoa.
Alilala ukutani: kabati ndani ya jiko,
kitanda humo, pazia, basi.
Jina lake Grizeli. Wakamwita Meri.
Meri wa kwanza alikufa kwa kifua
na aproni zake zilikuwa bado nzima.

Alisema hayo akifuta macho kwa ncha ya gauni.
Baba akaweka kijiti chini. Akangoja.
Aliniambia mwenyewe: nilingoja, mwanangu,
kama mtu anayengoja chenji.
Umeme ukarudi. Memsahibu akainuka,
akajipangusa, akasema kwa upole
(upole wa kweli, Baba aliapa hivyo mpaka anaingia kaburini)
“Asante, Yosefu.”

Msichana aliyeleta uji kasimama mlangoni
anangoja bakuli.
Wajukuu humwita Dada.
Mwanangu humwita Dada, na mkewe pia.
Aliyekuwapo kabla yake, yule wa makovu ya moto, aliitwa Dada.
Miaka miwili kanifulia, kaniogesha.

Nikamwuliza: jina lako nani?
Akatazama nyuma yake
kama kuna mwingine aliyeulizwa.
Kisha akanitajia. Refu, la kwao, lina maji ndani yake.
Nikalirudia mara mbili, akacheka nilivyolivunja.

Sasa adhuhuri. Namsikia anapanga vyombo.
Kiu imenibana, nafungua mdomo nimwite,
na ulimi wangu, mimi binti Kondo,
unazunguka, unatafuta,
unazunguka kuelekea kushoto.